Safari ya Shela

Mpwapwa mashela yapo. Karibu na soko kuna saluni zinazokodisha, na kwa miaka mingi karibu kila bibi harusi niliyemsindikiza kanisani alivaa mojawapo ya magauni yaleyale. Ninayafahamu kwa alama. Lipo lenye waridi za satini kifuani; ua moja lilishang'oka na nafasi yake ikashonewa kifungo cha lulu. Lipo lenye mkia mrefu ambao pindo lake limekuwa jekundu kwa vumbi letu, halisikii sabuni wala jiki. Ni magauni yaliyofanya kazi kubwa na ya heshima. Shida yangu ilikuwa mwili. Mimi ni mfupi, nyonga pana, kifua kidogo. Gauni likinitosha kifuani linakwama kwenye nyonga. Likipita kwenye nyonga linapwaya juu hata pini hazisaidii. Dada mwenye saluni, ambaye angeweza kabisa kuchukua pesa yangu na kunikaza kwa kamba, akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, nenda Dar. Mimi hapa nitakudanganya."

Dar es Salaam nilikuwa siijui. Nimezaliwa Mpwapwa, nimesoma Mpwapwa, ualimu nimesomea chuo cha hapohapo, na kazi nikapangiwa wilaya hiyohiyo. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Iringa, tena msibani. Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika nikafungasha begi moja, na kwenye simu nikiwa na shilingi 600,000 ambazo hazikuwa zangu.

Pesa hizo zinahitaji maelezo, kwa sababu ndizo zilizoamua mengi. Kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, shela la kanisani hulipiwa na upande wa bwana harusi. Gauni la sendofu ndilo linalotoka nyumbani kwa binti. Mchumba wangu ni bwana mifugo. Kamati yake ilikaa, ikapiga hesabu, ikapitisha 600,000 kwa shela, veli, taji na viatu. Mjomba wake, mtunza hazina wa kamati, alizituma kwa simu na kunisisitiza nirudi na risiti. Hakukosea. Ndani ya kiasi kile kulikuwa na 20,000 ya jirani anayeuza mkaa, na 50,000 ya mwalimu mkuu wangu, na mchango wa watu ambao wameshachangia harusi kumi mwaka huu na bado wanasomesha watoto. Bibi harusi anayeingia dukani na pesa ya kadi za michango hana haki ya kusema tu "nimelipenda, nichukue". Niliamini hivyo nikiwa naondoka na ninaamini hivyo leo.

Nilipanda kosta alfajiri mpaka Dodoma, na mchana nikawa Stesheni ya Samia kusubiri treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Nauli ya treni ya kawaida ilikuwa 31,000. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, tiketi inasomwa na mlango, kisha unakaa kwenye ukumbi mkubwa wenye ubaridi mpaka mnapoitwa. Ndani ya behewa kuna kioo kinachoonyesha mwendo, na namba ilipofika 160 abiria wawili watatu walitoa simu wakapiga picha. Mimi nilikuwa dirishani. Mibuyu ya Ugogo ilikwisha, tukaingia kwenye milima na mahandaki ya Kilosa, giza, mwanga, giza tena, halafu nje kukawa kijani tofauti kabisa na tulikotoka.

Aliyeketi pembeni yangu alikuwa mama wa makamo anayefuata bidhaa Kariakoo kila mwezi. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hatujafika Morogoro alikwishanitoa habari yote. Akanifundisha. "Mwanangu, ukifika Kariakoo usitaje tarehe ya harusi. Wakijua ni karibu, bei inapanda papo hapo. Na usimfuate winga. Winga anakupeleka kwenye duka linalomlipa yeye, si duka lenye gauni lako. Sema tu unaangalia kwa ajili ya mdogo wako." Nilimwambia kusema uongo kutanishinda. Akacheka, akasema basi ninyamaze, kunyamaza si uongo.

Mama mdogo alinipokea Stesheni ya Magufuli. Joto la Dar lilinipokea pia. Nguo ilinigandia mgongoni kabla sijamaliza kushuka ngazi. Anaishi Kimara, na usiku ule, baada ya wali na samaki, alitoa daftari akaandika kila kitu tutakachohitaji na bei anayoikadiria. Yeye ni mdogo wake mama, anauza vyakula kwa mama ntilie, na anajua kuhesabu kuliko sisi wote tuliosoma.

Kesho yake mwendokasi ulitushusha Gerezani. Kariakoo nilikuwa nikiisikia tangu utotoni: kwamba ilianzia kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kwamba lile soko kuu lenye paa la miavuli ya zege lilichorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kwamba liliungua usiku wa Julai 10, 2021 na wafanyabiashara wakalia mbele ya kamera. Hakuna habari iliyonitayarisha kwa wingi wa watu. Barabara imepangwa bidhaa pande zote mbili na katikati, mikokoteni inapita kwa kelele za "mguu, mguu!", vipaza sauti vinataja bei ya jozi tatu za soksi, na kijana mmoja anakwenda kinyumenyume mbele yako akikuonyesha picha za magauni kwenye simu. Huyo ndiye winga. Mama mdogo alimpita akiwa ameushika mkono wangu.

Maduka ya maharusi mengi yako ghorofani au ndani ndani, kwenye vyumba visivyo na dirisha. Magauni yamening'inizwa mpaka darini, yamefunikwa nailoni, na yale mapya yamevalishwa sanamu na kubanwa kwa pini nyingi mgongoni ili yaonekane yamekaa sawa. Hilo la pini nilijifunza baada ya kuzunguka nyuma ya sanamu. Kila aliyetupokea alisema mzigo umeingia juzi kutoka Guangzhou, na huenda ni kweli. Kusini mwa China ndiko wanakofuata bidhaa wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, na mkoa wa Guangdong, iliko Guangzhou, una pia mji wa Chaozhou unaojulikana kwa kushona nguo za harusi. Magauni ni mazuri. Yanakatwa kwa maelfu kwa vipimo vya karatasi, na mwanamke aliyemo kwenye karatasi ile ana mabega membamba na nyonga ndogo, na ni mrefu kunishinda kwa kichwa kizima.

Mwisho wa asubuhi tulipata duka la dada mmoja mchangamfu, na humo nilivaa gauni lililonitoa machozi. Lilikuwa la lesi mpaka magotini, kisha likafunguka. Mgongoni halikuwa na zipu bali matundu na kamba, kwa hiyo lilikaza pale palipohitaji na kuachia pale palipohitaji. Nilijiona kwenye kioo. Mimi si mtu wa kujitazama sana. Shuleni tuna kioo kimoja kwenye ofisi ya walimu, kimepasuka pembeni. Lakini pale nilisimama, nikageuka, nikajiona nimenyooka, shingo imeonekana, na mama mdogo akakaa kwenye stuli bila kusema neno. Watu huwa wanasema ni nguo tu, siku moja tu. Mwanamke anayesema hivyo mbele ya kioo kile bado sijakutana naye, na sioni sababu ya kumtaka mtu aone haya kwa furaha ile.

Kulinunua ni 1,200,000. Kulikodi ni 350,000, siku tatu, na Jumatatu liwe limerudi. Hapo ndipo mtu wa mkoani anapokumbuka kwamba kodi za Kariakoo zimepangwa kwa maharusi wa Temeke na Kinondoni. Harusi yetu ni Jumamosi, Jumapili ni shukrani, Jumatatu asubuhi gauni lipo Mpwapwa na mimi nipo ukweni. Kila siku ya kuchelewa ni faini ya 30,000. Mama mdogo alilizungumza polepole, akitaja shida ya usafiri, akitaja kwamba tutaleta na wadogo zangu wengine, mpaka yule dada akakubali siku sita kwa bei ileile. Nikatanguliza 150,000, tukaandikiwa risiti yenye tarehe ya harusi, tukaruhusiwa kupiga picha moja.

Picha ile iliingia kwenye kundi la familia jioni. Kwa muda mfupi ilikuwa furaha, vigelegele vya kuandika. Halafu mama akauliza mabega yako wapi. Kanisa letu ni la Anglikana, na mchungaji alikwishawaambia maharusi wote wazi kwamba anayefungishwa ndoa afunike mabega. Shangazi akasema lifunikwe na veli. Dada akasema veli inateleza. Mtu wa upande wa pili wa ukoo, ambaye sikumbuki aliingizwaje kwenye kundi, akauliza kwa nini limebana. Ilipofika usiku kulikuwa na maoni kutoka Mpwapwa, Kongwa, Singida na Mwanza, na hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi. Mama mdogo alizima simu yangu na kuniambia kikoti cha lesi cha mikono mirefu kitamaliza yote.

Tuliporudi dukani na wazo la kikoti, gauni halikuwepo. Yule dada hakuwa mchangamfu tena. Alisema amekuja bibi harusi mwingine, tarehe ileile, amelipa yote taslimu, na biashara ni biashara. Nilimwonyesha risiti. Akasema risiti ni ya kutanguliza, si ya gauni. Alinipa la badala, satini nyembamba yenye kung'aa sana, na kwenye kwapa palikuwa na doa la poda ya mtu mwingine, rangi ya chungwa, limekauka. Nililitazama doa lile kwa muda mrefu. Sikuwa na kinyaa na mwanamke aliyeliacha. Alikuwa ametoka jasho siku yake ya furaha, na mimi ningetoka. Nilichukizwa na mwenye duka kuniona mtu wa kupewa chochote kwa kuwa nimetoka mbali na sitarudi kudai.

Mama mdogo hakupaza sauti. Alivuta stuli, akakaa katikati ya mlango, akatoa leso akajipepea. Wateja wakaja, akawaamkia, akawaambia kwamba anasubiri pesa ya mwanawe. Pesa ilirudi yote, kwa simu, kabla ya adhuhuri.

Nikalia kwenye mwendokasi. Si kwa sababu ya gauni peke yake. Nilikuwa nimechoka kushikwashikwa kiuno na watu nisiowajua, kuambiwa "dada bana pumzi", "dada ungepungua kidogo", "dada kwa mwili wako hivi havitengenezwi". Kauli hii ya mwisho nataka niijibu kwa utulivu kwa kuwa nimeisikia ikiambiwa wengi. Mwili wangu ni wa mama yangu na wa bibi yangu, na wanawake wa aina yetu wamejaa kila mtaa wa nchi hii. Kama duka la harusi la Tanzania halina gauni linalotutosha, basi duka ndilo lililopungukiwa na kipimo.

Sinza tulikwenda kwa sababu rafiki wa mama mdogo alisisitiza. Huko maduka ya maharusi yana mazulia na viyoyozi, unawekewa miadi, unapewa maji ya chupa. Bei zilianzia pale hesabu yetu ilipoishia. Nilitaka kutoka mara moja. Lakini msichana aliyetuhudumia, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alinitazama vizuri, akanivalisha magauni mawili bila haraka, akaniuliza bajeti, nikamwambia ukweli. Akasogea karibu asisikike na bosi wake. "Dada, wewe usikodi na usinunue. Shona. Kuna mzee Magomeni, ndiye anayeturekebishia haya yote. Tukipata bibi harusi mwenye nyonga tunampelekea yeye kazi." Akatuandikia namba. Hakuomba chochote.

Nilipoandika kwenye kundi kwamba nitashona, simu iliwaka moto. Fundi ataharibu. Fundi atakuzungusha mpaka siku ya harusi. Watu watasema upande wa bwana hawana uwezo. Ndipo mama, ambaye hapendi kuandika, akatuma sauti. Alikumbusha kwamba yeye alifunga ndoa mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, duka la ushirika lina mashelfu matupu na kitambaa kikipatikana ni kwa kibali. Gauni lake lilishonwa na mke wa mchungaji kwa satini ya pazia iliyotoka misheni. Lilivaliwa na yeye, kisha na mdogo wake, kisha na mabinti wa mtaa wetu mmoja baada ya mwingine, likipunguzwa, likiongezwa, mpaka lesi ikageuka njano. "Na hakuna ndoa hata moja iliyovunjika kwa sababu ya gauni," akasema. "Mwacheni mtoto ashone." Kundi likatulia. Mimi nilikuwa nimeliona gauni lile kwenye picha maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba lilikuwa pazia.

Mzee wa Magomeni ana chumba kimoja cha mbele ya nyumba, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, nyingine ya umeme, na meza ya kukatia iliyochakaa kwa alama za mkasi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa analipiga. Alipomaliza akanisimamisha katikati ya chumba akanizunguka, mikono nyuma. Hakushika tepu. Akaniuliza maswali ambayo hakuna duka lililoniuliza. Kanisani kwenu mnapiga magoti au mnasimama? Ukumbini mtaingia mkicheza? Kutoka kwenye gari mpaka mlango wa kanisa kuna sakafu au ni udongo? Nilimwambia tunapiga magoti, tutacheza, na ni udongo, tena mwekundu.

Ndipo akachukua tepu. Alinipima nikiwa nimesimama, akanipima nikiwa nimekaa, halafu akatandika gazeti sakafuni akasema, "Piga magoti, mwalimu." Nikapiga. Akaweka ncha ya tepu kwenye kiuno, akaishusha nyuma kufuata nyonga mpaka kisiginoni, akasoma namba, akaandika. "Watu wanapima bibi harusi kama sanamu," akasema. "Akipiga magoti mbele ya mchungaji, zipu inafunguka, na hapo ndipo kamera ipo." Kiuno changu, alieleza, kinaongezeka karibu sentimita nne nikikaa, na nyonga zaidi ya hapo nikiinama. Gauni linalobana mpaka magotini lingenifanya nishindwe kushuka bila kushikwa na watu wawili. Akachora na chaki mezani: kifua chenye mifupa ya plastiki ndani ili lisimame lenyewe bila kutegemea matiti, mgongo wa kamba, kiuno juu kidogo ya kiuno changu ili miguu ionekane mirefu, kisha satini ianguke kwa vipande vinane vinavyopanuka kuanzia kwenye nyonga. Mikono mirefu ya lesi, mabega yamefunikwa tangu mwanzo, bila kikoti.

Tulikwenda kununua vitambaa kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru, mzee akiwa ametupa maagizo. Satini ishikwe kwenye kiganja na kufumbatwa. Ikifunguliwa na kubaki na mikunjo, iachwe. Ile inayong'aa sana iachwe pia, maana mwanga wa kamera unaonyesha kila mstari wa nguo ya ndani. Lesi itazamwe upande wa nyuma: shanga zilizoshonwa zina nyuzi, zilizobandikwa zina gundi, na gundi huyeyuka kwa joto na jasho. Duka baada ya duka niligeuza lesi nyuma mbele, na wauzaji wakaanza kuniita fundi.

Kwenye rangi mimi na mama mdogo tulikosana kidogo. Yeye alitaka nyeupe pee, kwamba ndiyo ya kanisani. Mimi niliona wazi, baada ya kujiwekea vipande viwili shingoni, kwamba nyeupe ile inanififisha na ile ya maziwa inaiwasha ngozi yangu. Nikamwambia habari niliyowahi kuisoma chuoni, kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alipofunga ndoa Februari 10, 1840 akiwa na satini nyeupe ndipo desturi ile ilipoanza kushika kwa nguvu huko Ulaya, na kwamba kabla yake maharusi wa huko walivaa nguo yao nzuri kuliko zote, iwe ya buluu au nyekundu. Wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876, desturi ya shela jeupe ilikuwa bado changa. Mama mdogo alifikiri. Akamuuliza muuzaji mita ya ile ya maziwa ni kiasi gani. Ilikuwa 12,000, sawa na nyeupe, na hoja yake ikaishia hapo.

Mzee alikata kwanza kwa marekani, kitambaa cha pamba cha bei ya chini, akanivalisha gauni zima la marekani lililochorwachorwa kalamu ya risasi. Lilikuwa limenikaa. Bila shanga, bila lesi, rangi ya unga wa mahindi, lilinikaa kuliko vyote nilivyovaa Kariakoo. Alichomeka pini kwapani, akatoa, akachomeka tena milimita chache pembeni, akaniambia niinue mikono, nicheze. Nikacheza pale chumbani bila muziki, mama mdogo akipiga makofi, na watoto wa mtaani wakajaa mlangoni wakaanza kuitikia. Baada ya hapo ndipo alipogusa satini.

Siku ya kulichukua hakulitoa haraka. Alinitaka nivae viatu vya siku yenyewe kabla ya kupiga pindo, akalipiga sentimita mbili juu ya ardhi mbele, na nyuma akaacha mkia mfupi wenye kitanzi kidogo cha uzi kilichofichwa kwenye mkunjo. Kifungo kiko kiunoni, chini ya kamba. Ukivuka udongo wetu unainua mkia, unapachika kitanzi kwenye kifungo, unatembea. Ukifika kwenye sakafu ya kanisa msimamizi wako anafungua kwa kidole kimoja. Alinifanya nifungue na kufunga mpaka nikazoea kwa kupapasa.

Nilisimama kwenye kioo chake, ambacho ni kidogo, kinaonyesha mtu nusu. Ilibidi nitazame juu kisha nitazame chini. Machozi hayakuja, furaha ilikuwa imeyazidi. Nilitaka tu kutembea nalo.

Hesabu ilikuwa hivi: vitambaa vyote, bitana, neti na vikorokoro vya ndani ilikuwa 237,000. Ufundi 180,000, na mama mdogo hakuthubutu kuombea punguzo. Veli na taji 60,000, viatu 45,000. Mzee hana kitabu cha risiti. Alichana karatasi ya daftari, akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, akatia sahihi na tarehe.

Kwenye treni ya kurudi nililiweka gauni juu ya mapaja, limekunjwa na kufungwa kwenye kanga mbili za mama mdogo, kwa sababu nailoni hufanya satini itoke jasho. Nyumbani mama hakuniambia nilivae. Alilitandika kitandani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono yote mmoja mmoja mpaka akafika ubavuni, akasimama. Mzee alikuwa ameacha kitambaa cha akiba kila upande, karibu sentimita nne, kimekunjwa na kushikizwa kwa mkono. Mama akapima kwa vidole, akamwita mdogo wangu aliyekuwa jikoni, akamgeuza mgongo, akapima tena. "Litamtosha," akasema. "Kamba ndizo zitaongezwa." Mdogo wangu hana hata mchumba. Akarudi jikoni anacheka.

Kwa mjomba nilipeleka risiti zote na 78,000 iliyobaki. Alizisoma kwa miwani, ile ya daftari akaisoma mara mbili, akaibana pamoja na nyingine kwenye faili la kamati. Pesa iliyobaki ikalipia turubai moja la ziada na viti hamsini, maana orodha ya wageni ilikuwa imeshaongezeka.